Kunuka na Kunukia

Ukitaja manukato mbele ya wanaume, wengi watacheka. Watasema hayo ni mambo ya bibi harusi na ya vijana wanaotafuta wachumba. Mtu mzima yamtosha maji na sabuni. Nami sibishani na maji na sabuni, kwani bila hivyo manukato ni uchafu juu ya uchafu. Lakini leo naomba ruhusa yenu niwaeleze habari za manukato ya namna moja yasiyo na harufu ya waridi wala ya asumini. Yananukia ngozi: ngozi ya kiatu kipya, ya mkoba, ya tandiko la farasi. Wanaume wameyavaa kwa zaidi ya miaka 100, na naona yana fundisho kwa kila mtu anayekula jasho lake.

Chupa niliyo nayo inaitwa Knize Ten. Aliniletea mdogo wangu aliyekwenda kusoma Vienna, mji mkuu wa Austria. Knize ni jina la nyumba ya washonaji wa nguo za mabwana, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1858. Duka lao la mtaa wa Graben lilichorwa na Adolf Loos, msanifu mashuhuri wa majengo, likamalizika mwaka 1913. Mwaka 1924 washonaji hao wakatoa manukato yao wenyewe, kusudi bwana aliyeshonewa suti awe na harufu inayolingana nayo. Neno Ten maana yake ni kumi. Latoka katika mchezo wa polo, unaochezwa juu ya farasi: mchezaji bora kabisa hupewa daraja la kumi, wala hakuna daraja juu ya hilo.

Labda utaniuliza: ngozi na manukato vilikutana wapi? Yeyote aliyepita karibu na mahali pa kudabagha ngozi anajua kwamba hapanukii hata kidogo. Ngozi mbichi huoza upesi. Hapana budi iloweshwe katika chokaa, ikwanguliwe nyama na manyoya, kisha ilazwe katika maji ya magome ya miti yenye dawa ya kuikaza. Kwetu gome la miwati, kama ile inayopandwa Njombe, hufaa kwa kazi hiyo. Zamani huko Ulaya walitumia hata mkojo, na mavi ya mbwa na ya njiwa, ili ngozi ilainike. Kwa hiyo glavu za mabwana na mabibi, hata zikiwa nzuri namna gani, zilikuwa na uvundo.

Katika mji wa Grasse, kusini ya Ufaransa, uliokuwa mji wa watengeneza ngozi tangu kale, mafundi wakaanza kuzitia glavu harufu za maua. Mwaka 1614 Mfalme Louis XIII aliwapa hati mafundi wa Paris waliofanya kazi zote mbili, ya glavu na ya manukato. Baadaye biashara ya ngozi ilififia Grasse, ile ya maua ikabaki, na hata leo mji huo wajulikana duniani kote kwa manukato. Basi tukumbuke kwamba uturi wa wakubwa ulikulia penye uvundo wa ngozi.

Warusi nao walikuwa na njia yao. Walizikaza ngozi kwa gome la mierebi, wakazipaka mafuta ya lami yatokayo katika gome la betula, mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe. Mafuta hayo yaliifanya ngozi ishinde maji na wadudu, yakaiachia harufu ya moshi isiyotoka upesi. Mwezi wa Desemba mwaka 1786 jahazi moja la Denmark, Metta Catharina, lilizama penye bandari ya Plymouth, Uingereza, likiwa limebeba ngozi hizo kutoka St Petersburg. Wapiga mbizi walilikuta mwaka 1973. Ngozi nyingi zilikuwa bado nzima baada ya miaka 187 katika tope la bahari, na mafundi wakazishonea mifuko na viatu. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa kwa uaminifu!

Sasa huenda utadhani kwamba ndani ya chupa yangu mna ngozi. Hamna. Ngozi haikamuliwi mafuta ya kunukia kama ua. Mtengeneza manukato hukusanya vitu vingine, kama vile mafuta ya gome la betula na sandarusi za miti. Tena wanakemia walipata dawa iitwayo isobutili kwinolini, yenye harufu kali ya ngozi na ya majani mabichi. Fundi huvipima vyote hivyo tone kwa tone, mpaka pua ikubali kwamba imenusa ngozi. Ni kama mchoraji anayekuonyesha mlima kwa rangi, na mlima wenyewe hauko pale.

Ukiyapaka, mwanzo utasikia ndimu na majani ya rozemari, na mara moja nyuma yake kitu kama petroli au mpira mpya wa baiskeli. Hapo ndipo wengi hukimbia. Usikimbie, subira yavuta heri. Baada ya nusu saa ukali hupungua. Mdalasini hutokea, na ua la karnesheni, ambalo harufu yake ina undugu na karafuu zetu za Unguja na Pemba. Ngozi yenyewe huja polepole, kavu, yenye moshi kidogo. Jioni hubaki kitu laini na kitamu kama ndani ya mkoba wa zamani uliotunzwa vizuri.

Lugha yetu ina maneno mawili: kunuka na kunukia. Uvundo hunuka, uturi hunukia. Harufu ya ngozi inakaa mpakani, mguu mmoja huku na mguu mmoja huku, na kwa sababu hiyo naipenda kuliko harufu zote tamutamu. Mke wangu, asubuhi ya kwanza nilipoyapaka, alisema wazi, "Baba, leo unanuka duka la viatu." Nilimwacha, maana kwa saa ile alisema kweli.

Lakini jambo hili limenigusa kwa sababu nyingine pia. Marehemu baba yangu alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa kando ya soko, na alitulea sisi watoto sita kwa sindano, gundi na nta. Harufu ya kazi hiyo haiishi kwa sabuni. Iliingia katika mashati yake, katika mikono yake, hata katika madaftari yetu. Shuleni wenzetu walituita watoto wa viatu. Baba aliposikia alisema tu, "Ada yenu nayo inanuka hivyo hivyo, na mwalimu mkuu haikatai." Kwa ada hiyo nilifika chuo cha ualimu, na kwa elimu hiyo leo nashika kalamu katika ofisi ya parokia. Baba amekwisha fariki, kibanda kiliuzwa, na penye kibanda pale sasa pana duka la simu.

Basi siku ile ile aliponitania mke wangu, mama yangu alikuja kututembelea. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Jioni nilirudi kazini, nikainama kumwamkia. Alinishika mkono asiuachie, akauleta karibu na uso, akasema, "Mbona unanukia kibanda cha baba yako?" Kisha akanyamaza. Mke wangu naye akanyamaza. Mwanangu mdogo, asiyemjua babu yake, akataka kunusa. Mama akamwambia, "Nusa vizuri, mjukuu wangu. Hiyo ndiyo iliyomsomesha baba yako."

Tazama basi, ndugu msomaji. Harufu tuliyochekwa nayo shuleni, mabwana wa Vienna waliilipia fedha nyingi ili waipake mashavuni. Aliyenuka ni fundi, aliyenukia ni tajiri, na ngozi ni ile ile.

Ukitaka kuyajaribu manukato ya namna hii, haya hapa ni machache ya kukusaidia. Kwanza, usinunue kwa kunusa kifuniko. Paka tone moja mkononi, uende zako, uamue jioni. Pili, jaribu mahali padogo, kwani ngozi za watu wengine huwashwa. Tatu, tone moja au mawili yatosha. Chuoni tulifundishwa kwamba pua huzoea harufu na kuacha kuisikia. Kwa hiyo usipojisikia, usidhani wenzako hawakusikii. Nne, usiyapake ukienda kumwona mgonjwa, wala ukipanda basi lililojaa. Na kama fedha hazitoshi, usinung'unike. Ada ya watoto itangulie. Kiatu cha ngozi kilichopigwa rangi vizuri kinanukia nacho.

Tena nina ombi moja. Utakapompelekea fundi kiatu kilichopasuka, usisimame mbali huku umekunja pua, wala usigombee shilingi mia ya mwisho kama kwamba kazi yake ni bure. Mpe salamu, kaa kwenye kigoda chake, mlipe haki yake. Huenda pale nyuma ya mlango yupo mtoto mwenye daftari, anakuangalia namna unavyomtazama baba yake.