MBINGA HADI MBAMBA BAY: NENDA MACHI, USISUBIRI KIANGAZI!

Mtoto wa mjini akipata likizo na vijisenti mfukoni, akili yake inakwenda sehemu zile zile: Zanzibar, Bagamoyo, Arusha. Ukimtajia Mbinga anakunja uso. "Aa, huko si mwisho wa dunia?" Ndugu yangu, huko siyo mwisho wa dunia. Ni mwisho wa lami tu, na lami yenyewe siku hizi inafika mpaka ufukweni.

Wenzetu wa Stellenbosch kule Afrika Kusini, na wale wa Bordeaux kule Ufaransa, wana mtindo wao. Mtu anafunga safari kwenda bonde la mizabibu, anatembea shambani, anaonja mvinyo pale pale ulipozaliwa, analala, anarudi mjini na chupa mbili na hadithi kumi. Hapa Bongo zabibu ni mambo ya Dodoma. Lakini kama unachotafuta ni kinywaji na ardhi yake, na watu wanaokitoa jasho, basi Mbinga wanacho. Tena wanavyo viwili: kahawa na ulanzi. Ukimaliza hapo, unateremka ziwani kuoga.

Watu wengi watakwambia uende Juni mpaka Septemba, kiangazi. Hawajakosea, lakini leo mimi nakupigia debe mwezi Machi. Soma mpaka chini uone sababu yake.

NJIA SIYO KIMBEMBE TENA

Kutoka Dar unapita Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe mpaka Songea. Ni karibu kilomita 1,000, kwa hiyo jiandae kukaa kitini mpaka kiuno kiimbe. Lala Songea. Kesho yake unachukua basi la Mbinga, kama kilomita 100 hivi. Ukiwa na nafasi, chepuka Peramiho ukaone misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898. Majengo yake yatakufanya ujiulize kama bado uko Ruvuma.

Zamani Machi ilikuwa haiendeki. Mvua ikishika, barabara ya Mbinga ilikuwa tope tupu, na ile ya kuteremka Mbamba Bay ndiyo usiseme. Magari yalilala njiani, abiria wakasukuma, wengine wakamaliza kwa miguu. Siku hizi Songea mpaka Mbinga ni lami, na zile kilomita 66 za Mbinga mpaka Mbamba Bay nazo ni lami. Ile sababu ya kuogopa masika imeondoka. Kilichobaki ni mazoea tu.

NGORO: SHAMBA LINALOFANANA NA SEGA LA NYUKI

Ukifika Mbinga mjini usikae hotelini kutazama televisheni. Milima ya Umatengo ndiyo uliyoifuata, na mingine inapanda mpaka kama mita 2,000. Beba sweta, mwanangu, baridi ya huku haina utani.

Utakachokiona kwenye miteremko ni mashimo. Mamia kwa mamia, yamepangwa mstari kwa mstari, mlima mzima umekuwa kama sega la nyuki. Hayo ndiyo ngoro, kilimo cha Wamatengo. Na Machi ndiyo kazi yenyewe inafanyika, huna haja ya kusimuliwa.

Inakwenda hivi. Wanaume wanafyeka majani, kisha wanayalaza chini kwa mistari inayokatana, mpaka yanatokea maumbo ya miraba. Wanawake wanaingia na majembe. Wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuutupia juu ya yale majani. Katikati panabaki shimo, pembeni panakuwa tuta. Maharage yanapandwa juu ya tuta, na msimu unaofuata yanafuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hayaporomoki na udongo. Yanatua shimoni, yanazama taratibu. Majani yaliyofukiwa yanaoza na kuwa mbolea. Hakuna saruji wala mhandisi, na mteremko ambao wewe ukisimama unateleza unalisha familia mwaka hadi mwaka.

Hii akili ilitoka wapi? Wazee wanasimulia kwamba karne ya 19 Wangoni walipovamia, Wamatengo walikimbilia milimani. Huko juu ardhi ilikuwa ya kubana na mteremko mkali, ikabidi kila kipande kitunzwe. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao kutoka Japani walishafunga safari kuja kuyachunguza mashimo haya. Wewe kwenye basi utakaa siku moja tu, sasa unaogopa nini?

Ombi moja: usipige picha kina mama wakiwa wameinama shambani halafu ukaondoka. Pita kwanza ofisi ya kijiji, jitambulishe, omba mtu wa kukutembeza na mpe malipo yake. "Shikamoo mama, pole na kazi" itakufungulia milango ambayo kamera haifungui. Ukiweza, omba jembe uchimbe ngoro mbili. Ukifika la pili utajua kwa nini kilo ya maharage siyo kitu cha kulalia bei mpaka muuzaji atoe machozi.

ULANZI: MVINYO WA MWANZI

Sasa tuje kwenye kinywaji. Ulanzi ni pombe ya mwanzi, na nyanda za juu kusini zote zinaujua, kuanzia Iringa. Wakati wa masika chipukizi la mwanzi linakatwa ncha, utomvu unadondoka kwenye chombo kilichofungwa pale pale. Mgemaji anapita asubuhi na jioni, anakinga na kukata tena kidogo. Ukiunywa siku hiyo hiyo ni mtamu kama juisi. Ukiulaza, unakasirika. Mgeni anaukuta mtamu, anagonga kikombe cha tatu, halafu akisimama miguu inamuuliza, "Unakwenda wapi?"

Sikiliza hapa: ulanzi ni wa masika. Ukija Agosti ukauulizia, watakucheka. Hii ni sababu nyingine ya kuja Machi. Kunywa mahali wenyeji wanapokunywa na usafi unauona kwa macho, na gongo ukikaribishwa sema asante nimeshiba.

KAHAWA: HAPA NDIPO PENYEWE

Mbinga ni nchi ya kahawa aina ya arabika. Ukienda kati ya Juni na Septemba utaikuta nyekundu mtini, watu wanachuma punje moja moja kwa mkono, kwa sababu haziivi zote siku moja. Siku hiyo hiyo inamenywa, inavundikwa mpaka ule utelezi ulegee, inaoshwa, inaanikwa kwenye vichanja. Kilo 5 hadi 7 za kahawa mbivu ndizo zinazotoa kilo moja ya kahawa safi ya kusafirishwa. Ukitaka kuyaona hayo yote kwa macho, kiangazi ndicho chake.

Lakini Machi utaona kitu kingine ambacho watalii hawaoni. Mti una punje za kijani tu. Nyumba nyingi hela ya kahawa ya mwaka jana imekwisha, ada ya shule imeshalipwa au inadaiwa, mahindi mapya bado. Ndipo anapokuja bwana mwenye noti mkononi. Anakutazamia mti wako, anakulipa leo kwa bei ya kutupa, na wakati wa mavuno kahawa ni yake. Mbinga biashara hiyo inaitwa magoma. Kagera wanaiita butura. Serikali imeikemea miaka nenda miaka rudi, lakini mtoto akirudishwa nyumbani kwa ada, mzazi hasikii redio. Hizo punje za kijani unazozisifia, nyingine zimeshapata mwenyewe.

Ndiyo maana nasema Machi. Hela yako ya chumba, ya chakula, ya mtu wa kukutembeza, ya kahawa iliyokaangwa na kutwangwa na mama mwenye nyumba, inaingia kijijini wakati vijisenti vimeadimika. Sidanganyi kwamba mgeni mmoja atamaliza magoma. Hawezi. Lakini gharama yako ya siku mbili inaweza kuwa debe la mahindi ambalo lingenunuliwa kwa kuuza mti. Ukija Agosti unakaribishwa vile vile, ila mwenyeji wako ana kahawa ya kuuza. Machi ana wewe.

Na kuna kichekesho kinachouma. Ukiagiza kahawa kwenye vijihoteli vingi vya nchi inayolima kahawa, unaletewa maji ya moto na kopo la unga wa dukani. Wakulima wenyewe wengi wanakunywa chai. Kahawa inapandwa hapa, inakwenda ng'ambo, na mjini unaikuta imerudi na jina la kigeni na bei ya kuzimia. Kwa hiyo ukifika, iulizie kahawa ya Mbinga yenyewe. Ulizia kila mahali, mpaka wenye hoteli wajue kwamba kuna mtu anaitaka. Mkulima akikukaangia, usilipe bei ya chai.

SASA TEREMKA ZIWANI

Kutoka milimani gari linashuka kona kwa kona, sweta linavuliwa, na ghafla unaliona Ziwa Nyasa chini, la bluu, kama bahari iliyosahaulika bara. Ziwa liko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi ulikuwa unatetemeka, mchana unatafuta kivuli. Huku ni wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na makao yake makuu ni Mbamba Bay.

Mchanga upo, mawe makubwa yapo, na maji ni maangavu. Kwenye mawe ndiko wanakokaa mbuna, samaki wadogo wa rangi ambao watu wa Ulaya wanawafuga kwenye matangi ya vioo sebuleni. Wewe unawaona bure. Kwenye sahani agiza usipa, dagaa wa ziwa hili, au mbasa akipatikana, na ugali wa muhogo. Usiku wa giza simama ufukweni utazame taa za wavuvi. Utadhani mji umehamia majini.

Hapa Machi inanisaidia tena. Ule upepo mkali wa kusini, mwera, unavuma zaidi kuanzia Mei mpaka Agosti, na ukivuma ziwa linachafuka vibaya. Hata hivyo masika nayo yana dhoruba zake. Mvuvi akikwambia leo hatutoki, usimwongezee hela ili atoke. Na kama unataka kwenda au kurudi kwa meli ya upande wa Kyela, ulizia ratiba kwanza, usije ukakaa bandarini wiki nzima unahesabu mawimbi.

Ukipata usafiri, panda kaskazini mpaka Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wao, wenyeji wanauita Jiwe la Pomonda. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilifika hapo na kuipiga mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kapteni Mjerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Akachukua mtumbwi, akaenda kumfokea mwenzake Rhoades, ambaye walikuwa marafiki, amelewa au vipi! Akaishia kuwa mateka. Hapo Liuli ndipo pia alipofia, mwaka 1928, mmisionari Mwanglikana William Johnson, aliyezunguka ziwa hili kwa miaka mingi.

Ugomvi wa ziwa haujaisha mpaka leo. Malawi inadai maji yote mpaka ufukwe wetu, kwa mkataba wa Mwingereza na Mjerumani wa mwaka 1890. Tanzania inasema mpaka uko katikati. Mwaka 2012 mambo yalipamba moto kweli. Kwa hiyo ukijitosa kuoga Mbamba Bay, unapiga mbizi kwenye kesi. Wavuvi wao wanataka samaki tu.

YA KUZINGATIA

Chandarua na dawa ya mbu usisahau. Kichocho kipo ziwani, basi oga sehemu ya mawe au mchanga wazi, achana na matete na maji yaliyotuama, na ukirudi mjini kapime. Midomo ya mito kaa mbali, mamba hasomi magazeti. Beba hela taslimu za kutosha kwa ajili ya vijijini. Viatu vya kisigino viache Dar, mlima wa ngoro hautambui mapozi. Na kama shida yako ni ngoma, hasa mganda na kioda, basi hapo kiangazi kinanishinda, kwani Machi mara nyingi ni Kwaresima na huku watu ni wa kanisa.

Siku tano zinatosha ukiwa umeshafika Songea: mbili milimani, mbili ziwani, moja ya kugeuza. Anza na mlima, malizia na maji. Wengi wanapitiliza moja kwa moja kwenye mchanga, wanakunywa bia iliyotoka kiwandani kwa lori, wanarudi. Hao wamekwenda ziwani, Mbinga hawajafika.

Haya, kata tiketi. Na ukirudi na kilo yako ya kahawa, usiifiche. Wapikie washikaji wa kijiweni, wakikuuliza imetoka nchi gani, waambie ni ya hapa hapa.