Maji ya Rejeta na Ushuhuda Wetu

Sisi ni wazee watatu wa kanisa tuliopewa na usharika kazi ya kutunza gari. Mmoja wetu ndiye dereva, mwingine hushika daftari, na wa tatu hushika fedha. Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser jeupe, lile ambalo watu huliita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele. Injini yake ni 1HZ ya dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina turbo. Tulilipokea likiwa limekwisha kutembea kilometa 380,000, na leo limepita 460,000.

Hapa Usagara, jijini Tanga, gari hili halina siku ya kupumzika. Asubuhi humpeleka mchungaji kwenye mitaa, mchana hubeba saruji, jioni wanakwaya, na usiku wagonjwa kwenda Hospitali ya Bombo. Limebeba maharusi na limebeba majeneza. Tunaandika habari zake kwa sababu tuliwahi kusimama kanisani tukatoa ushuhuda ambao haukuwa wa kweli, na kwa gari hili tulijifunza kutubu.

Ilikuwa majira ya masika. Kwa wiki kama sita gari lilikuwa likipunguza maji. Kila baada ya siku mbili tulikuta rejeta imeshuka, tukachota maji ya kisima, tukajaza, tukaondoka. Hakuna aliyeuliza maji yalikuwa yakienda wapi. Tulikuwa na desturi ya kuomba kabla ya kila safari, mikono yetu ikiwa juu ya boneti, nasi tukaona hiyo yatosha. Kuifunua boneti hiyo kwa utulivu, tochi mkononi, hatukufanya.

Usiku mmoja tulipigiwa simu kutoka Kigombe, kwenye barabara ya Pangani. Mama kijana alikuwa amepatwa na uchungu tangu mchana na mtoto hatoki. Tulikwenda, tukampakia pamoja na mama mkwe wake, tukageuza. Tulipokaribia Tongoni mshale wa joto ulianza kupanda. Tukapunguza mwendo, tukaanza kuomba kwa sauti. Mshale ukafika juu kabisa. Kisha, tukiwa katikati ya maombi, ukashuka mpaka chini. Tukamshukuru Mungu, dereva akakanyaga mafuta.

Hatukwenda mbali. Harufu ya kuungua iliingia ndani, nguvu zikaisha, injini ikazimika. Mvua ilikuwa ikinyesha. Tulisimama gizani karibu saa nzima na mama yule akilia nyuma, ndipo lilipotokea gari la samaki likamchukua. Alijifungua muda mfupi baada ya kufika hospitali, naye mtoto alitoka salama.

Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya usharika. Tulisema adui alitaka kumzuia mtoto yule asizaliwe, akalipiga gari letu njiani, lakini Bwana akashinda. Tuliusimulia hata ule mshale, jinsi ulivyoshuka kwa maombi. Watu walipiga makofi na vigelegele. Ikatangazwa sadaka maalumu ya kulitengeneza gari, na watu wakatoa. Kina mama wanaouza maandazi walitoa fedha ya mtaji wao.

Siku ya Jumanne fundi alifungua injini. Ni Mwislamu mtu mzima, amelishughulikia gari hili miaka mingi. Silinda hedi ilikuwa imepinda na gasketi imeungua. Akatuonyesha paipu ya chini ya rejeta, imelainika kama kitambaa kilichooza, na chini yake alama ya maji yaliyokuwa yakidondoka siku nyingi. Ndani ya rejeta kulikuwa na magamba ya chumvi, maana visima vingi vya pwani yetu vina maji ya chumvichumvi, na maji hayo hula chuma na kuziba njia.

Tukamweleza habari ya mshale. Akafuta mikono, akasema kwa upole: "Wazee wangu, ile sensa hupima joto la maji. Maji yakikimbia, haina tena cha kupima, basi mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Pale ndipo mlipotakiwa kuzima. Shetani ana makosa yake mengi, lakini hili msimsingizie. Gari limewaomba maji zaidi ya mwezi."

Hatukuwa na la kujibu. Tulirudi nyumbani kila mtu kimya. Wiki mbili zilipita, sadaka ikaendelea kuingia, na kila tulipoihesabu tulijiona kama wezi. Mwishowe tulimwendea mchungaji tukamwambia yote. Alituambia kwamba aliyesimama mbele ya watu akapotosha, husimama mbele ya watu hao hao akatengeneza.

Tulisimama baada ya matangazo. Tulisema gari halikupigwa na adui, tulilipuuza sisi. Tulisema mshale uliposhuka haikuwa majibu ya maombi, na kwamba kila aliyetoa fedha kwa maneno yetu ya kwanza alikuwa na haki ya kurudishiwa. Kanisa lilinyamaza. Hakuna aliyedai fedha yake. Lakini baada ya ibada yule mama mkwe wa Kigombe alitushika mikono akasema, "Wanangu, mimi niliwaona mkijaza maji kwa dumu kabla hatujaondoka kwetu. Nilingoja mseme." Maneno hayo yalitupata kuliko ya fundi.

Tangu hapo tuna daftari. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, injini ikiwa ya baridi, tunapima oili kwa kijiti, tunaangalia maji, tunapapasa paipu na mikanda, kisha tunainama kutazama kama kuna kilichodondoka usiku. Kikidondoka, tunaandika na kutafuta chanzo siku hiyo hiyo. Rejeta haipewi tena maji ya kisima. Tunatia kulanti, na dumu la akiba hukaa nyuma ya kiti. Oili, karibu lita kumi, na chujio lake tunabadilisha kila kilometa 5,000. Chujio la dizeli tunalifungua chini kutoa maji, na la hewa tunalipuliza vumbi. Kila tukitoka barabara ya baharini tunaosha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu ya kutu, kisha tunapiga grisi. Mkanda wa taimingi tunaubadilisha unapofika kilometa 100,000, hata ukionekana mzima, maana ukikatika gari likiwa linakwenda, valvu na pistoni hugongana. Spea za bei ya kutupa tumeziacha. Kila safari hutengewa kiasi kidogo cha fedha ya matengenezo, na daftari husomwa mbele ya baraza la wazee kila mwezi.

Wapo waliotuuliza kama sasa tumepunguza imani. Sisi tunaona kinyume chake. Katika Luka 16 Bwana anafundisha kwamba uaminifu hupimwa katika mambo madogo kwanza, na wale wanawali watano wa Mathayo 25 waliachwa nje ya mlango kwa sababu ya mafuta ambayo wangeweza kuyabeba tangu nyumbani. Sala zetu za zamani zilikuwa zinamwomba Mungu afanye kazi tuliyokabidhiwa sisi. Bado tunaweka mikono juu ya boneti na kuomba, ila sasa tunaomba baada ya kuifunga, mikono ikinuka oili.

Gari hili litakufa siku moja, kama sisi. Mpaka siku hiyo tumeazimia lisimkwamishe mgonjwa njiani kwa uvivu wetu. Na likikwama kwa jambo ambalo hatukuweza kuliona, tutasema hatukuliona. Nawe mpendwa, kama lipo jambo nyumbani kwako au kazini kwako ambalo umekuwa ukilijazia maji kila baada ya siku mbili bila kuuliza yanakwenda wapi, tunakusihi ulifunue leo, kungali mchana.