Kushuka Bila Injini

Watu wengi huamini kuwa injini ya helikopta ikizima angani, chombo huanguka kama nazi kutoka mnazini. Dhana hiyo ina sababu. Eropleni ina mabawa yaliyonyoshwa ambayo kila mtu huyaona. Helikopta haionekani kuwa na kitu cha kuishikilia ila kelele zake. Lakini, msomaji, dhana ikubaliwayo na wengi si lazima iwe kweli. Mimi nimeshuka bila nguvu ya injini mara nyingi, tena kwa makusudi, nilipokuwa mwanafunzi wa urubani katika jimbo la Texas, Marekani, ndani ya chombo kilichoundwa kabla sijazaliwa. Nataka kukueleza jambo hilo hufanyikaje, na lina faida gani.

Chombo chenyewe huitwa Bell 47. Kiliruka kwa mara ya kwanza tarehe 8 Desemba, 1945, na tarehe 8 Machi, 1946, kikawa helikopta ya kwanza duniani kupewa cheti cha kutumiwa na raia. Ufundi wake ulibuniwa na Arthur Young, aliyefanya majaribio miaka mingi kwa vielelezo vidogo kabla ya kuunda chombo cha kupandwa na mtu. Uundaji wake ulikoma katika miaka ya 1970, lakini baadhi vingali vikiruka hata leo. Ukikiona utadhani ni mdudu mkubwa: kichwa chake ni tufe la plastiki angavu kama kioo, kiwiliwili chake ni mifupa ya chuma isiyofunikwa, na miguu yake ni mabomba mawili yaliyolazwa. Juu yake huzunguka mapanga mawili mazito. Ukumbuke uzito huo, maana una kazi yake mwishoni.

Sasa fikiri juu ya baiskeli. Mpandaji akiacha kukanyaga mteremkoni, miguu yake hutulia na gurudumu huendelea kuzunguka. Helikopta ina kifaa cha namna hiyo kati ya injini na mapanga. Injini ikifa, kifaa hicho huyaachilia mapanga yawe huru. Ni nini basi kinachoyazungusha? Ni hewa inayopita kutoka chini kwenda juu chombo kinaposhuka. Mtoto akimbiaye na kititia mkononi aijua siri hiyo, ingawa hajui kuieleza. Juan de la Cierva, Mhispania, aliitumia mwaka 1923 alipofaulu kurusha chombo ambacho mapanga yake ya juu yalizungushwa na upepo peke yake.

Siri hiyo ina sharti moja. Katika mkono wa kushoto wa rubani upo wenzo. Akiuinua, mapanga hulalia upande na kuikamata hewa kwa nguvu, na chombo hupanda. Akiushusha, mapanga huwa bapa na hukata hewa kwa urahisi. Injini ikizima ilhali wenzo umeinuliwa, mapanga hupunguza mwendo upesi, na yakipungua kupita kiasi hakuna njia ya kuyarudisha. Kwa hiyo rubani hana budi kuushusha wenzo mara moja. Hapo ndipo penye mtihani. Mtu aonaye ardhi ikimjia hutamani kupanda. Maumbile yake yote humwambia avute juu. Ustadi humwamrisha akubali kushuka. Akili hulielewa jambo hilo kwa dakika tano, lakini mkono huhitaji miezi.

Mwalimu wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Tulipofika futi 1,000 juu ya uwanja wa majani, alifunga mafuta hata injini ikabaki inanong'ona tu. Katika saa moja ya vipimo iliyo mbele ya rubani mna mishale miwili, wa injini na wa mapanga, ambayo kwa kawaida hukaa pamoja. Hapo hufarakana: wa injini huanguka, wa mapanga hubaki juu mahali pake. Huo ndio mshale wa uhai. Chombo hushuka kadiri ya futi 1,500 kwa dakika. Kwa hiyo katika kimo hicho una sekunde kama 40. Katika muda huo lazima uelekee upepo, uchague mahali, na ulinde mwendo.

Karibu na futi 50 rubani huinua pua ya chombo. Mwendo wa mbele hupungua, na mapanga huongeza mzunguko. Kisha hukisawazisha chombo, na futi chache juu ya majani huuinua wenzo aliokatazwa kuugusa muda wote ule. Nguvu iliyowekwa ndani ya mapanga mazito hutumika yote mara moja. Chombo husita, kama mtu anayekumbuka jambo, kisha mabomba huteleza juu ya majani na kutulia. Akiuvuta mapema, akiba itakwisha angali juu. Akichelewa, ardhi haitamngoja.

Wako wasemao kwamba zoezi hili ni hatari kuliko ajali inayohofiwa, nao hawasemi upuuzi. Vyombo vimeharibika katika mazoezi, na chombo cha kale hakipatikani tena kiwandani. Kwa sababu hiyo shule nyingi siku hizi huirudisha nguvu ya injini kabla ya chombo kugusa ardhi. Mimi naona kwamba mwanafunzi aliye na mwalimu stadi, katika uwanja anaoujua, yafaa aufikie mwisho wa somo, kwa kuwa hizo futi chache za mwisho ndizo zinazoamua.

Yamkini utauliza kama injini imewahi kunizimikia kweli. La, haijatokea hata mara moja. Je, jasho langu lilipotea bure? Sidhani. Tangu siku zile sijapita juu ya msitu au mji bila kujiuliza ningetua wapi. Sisimamishi chombo hewani, katika kimo kidogo, pasipo haja, kwa kuwa asiye na kimo wala mwendo hana kitu cha kubadili kwa uhai wake. Zoezi lilinifundisha namna ya kuruka kila siku, hata siku ambazo hazina msiba.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kimo ni akiba, mwendo ni akiba, na mzunguko wa mapanga ni akiba. Nawe, msomaji, una akiba zako: afya, elimu, muda na jina jema. Zihesabu ungali na nguvu, na ujizoeze kuzitumia kwa kiasi, maana mkono usiofunzwa wakati wa amani hautajua la kufanya wakati wa dhiki.