Sisi Tulihitaji 300 Tu

Jumapili moja jioni nilikuwa namrekodi binti yetu akicheza muziki, kanga ya bibi yake kiunoni. Raha ilipokolea, simu ikaleta ule ujumbe wake: nafasi imejaa. Wenye simu janja mnaujua.

Mimi na mume wangu tunatumia kifurushi kimoja cha hifadhi ya mtandaoni, yeye na simu yake, mimi na yangu. Kampuni sitaitaja, maana nyingi zinafanana. Zile gigabaiti 200 zilitutosha kabisa kabla ya mtoto. Sasa kila jino linaloota lina video sita, na dakika moja tu ya 4K kwenye iPhone inaweza kula kama megabaiti 170.

"Tuongeze basi," nikamwambia. Akafungua ukurasa wa bei. Baada ya 200, kinachofuata ni terabaiti 2, yaani gigabaiti 2,000. Mara kumi! Katikati hamna kitu.

"Sisi tunahitaji kama 300 hivi," akasema. "Hizo nyingine tuweke nini, mahindi?"

Nilicheka, lakini ana hoja. Apple, kwa mfano, wana 50, wana 200, halafu unarukia terabaiti 2. Kwa bei ya Marekani ni kutoka dola 2.99 kwa mwezi hadi 9.99. Dropbox wanakupa gigabaiti 2 za bure, na kifurushi cha kwanza cha kulipia cha mtu binafsi ni terabaiti 2. Najua, ukipiga hesabu kikubwa ndicho nafuu: gigabaiti moja inashuka kutoka kama senti moja na nusu hadi nusu senti. Sawa, ni bei ya jumla. Lakini gunia la mchele ni nafuu kwa mwenye watu wa kulimaliza. Huku kwetu Dar, Mangi anakupimia mafuta ya kula kadiri ya mfuko wako, na LUKU unanunua umeme wa hela uliyonayo. Picha za mwanangu ndizo zisipimike?

Mimi naona wanajua wanachofanya. Anayelipia 2,000 akatumia 300 ni mteja mtamu sana. Wakiweka 500 kwa dola tano, wengi tuliopanda shingo upande tutashuka siku hiyohiyo. Biashara naielewa jamani. Ila wangeiweka tu.

Basi, tukakubaliana tusiongeze, tusafishe. Kila mtu afute makorokoro yake. Mimi, niseme ukweli, nilifuta picha kama ishirini za menyu za mikahawa, nikachoka. Ajabu ni kwamba nafasi ikawa tele, nikaendelea kurekodi bila wasiwasi wowote.

Miezi mitatu baadaye nikaingia kwenye mipangilio, pale panapoonyesha nani anatumia kiasi gani. Mimi nilikuwa nimefika 170. Yeye alikuwa amebaki na 9.

"Ulifuta nini?"

"Video za zamani."

"Zipi?"

Akanyamaza kidogo. "Zile za Mzee."

Baba mkwe alifariki 2019. Krismasi yake ya mwisho kule Moshi, mume wangu alimrekodi siku tatu mfululizo, mzee amekaa kihambani chini ya migomba anasimulia ukoo wote, nani alimzaa nani, nani aligombana na nani kwa ajili ya ng'ombe. Mimi nilikuwa jikoni na mawifi, sikusikiliza hata nusu. Nilijiambia nitaziangalia baadaye, si zipo?

"Nilizihamishia kwenye flashi kwanza," akasema. "Nisingeweza kukwambia ufute za mtoto."

Tukaichomeka kwenye laptop. Haikusoma. Akaitoa, akaipuliza kama watu wanavyofanya, akairudisha. Haikusoma. Kule mtandaoni nako kapu la vitu vilivyofutwa lilikuwa limeshajisafisha zamani.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi, kabla hajaamka, nikalipia zile terabaiti 2 kwa kadi yangu. Zaidi ya gigabaiti 1,800 zimekaa tupu.

Flashi iko kwa fundi Kariakoo. Amesema turudi Alhamisi.