Gari Lilipokataa Gia

Yako makosa ambayo mtu humwungamia padri tu, na yako mengine yafaayo kusimuliwa mbele ya watu ili wengine wajihadhari. Hili langu nimekwisha kuliungama, sasa nalisimulia.

Nimekabidhiwa kulitunza gari la shule yetu hapa Kisangani. Ni gari la zamani, nalo hupeleka vitabu na chaki, na pengine wagonjwa, katika njia ya Buta, ile ivukayo mto Tshopo na kuelekea Banalia. Aijuaye njia hiyo wakati wa mvua hana haja ya kuelezwa habari za matope na mashimo yake. Kwa hiyo nilimchukua mpwa wangu, mwana wa marehemu dada yangu, anisaidie kuendesha. Ni kijana wa miaka 19, aliyeacha shule kwa kukosa karo.

Siku moja aliniambia, "Mjomba, kila asubuhi naona matone chini ya gari. Tena pedali ya klachi imekuwa nyepesi mno."

Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikamjibu bila kuinua macho, "Gari kuukuu halikosi jasho. Nawe usiguse kitu usichokisomea." Akanyamaza, akaenda zake.

Jumapili, baada ya Misa, tulisafiri mpaka kijiji kimoja kilicho mbali na mji, tukalala huko. Kesho yake alfajiri tulipaswa kuwaleta mjini watoto watano wa darasa la sita kufanya mtihani wa Serikali. Walikuwa wameoga, wamevaa nguo safi, na kila mmoja ameshika kalamu yake. Mtihani haumngojei mtu. Akosaye siku yake huenda akapoteza mwaka mzima.

Nikawasha gari, nikakanyaga klachi, ambayo mafundi wa kwetu huiita ambreyaji. Gia ikakataa kuingia. Nikaisukuma kwa nguvu. Chuma kikalia kama jino linalosagwa. Hasira ikanipanda. Nikamgeukia mpwa wangu mbele ya watoto na mbele ya katekista, nikasema, "Umevunja gia! Jumamosi ulikwenda nalo sokoni, ukaliendesha kama mlevi. Nitakukata mshahara mpaka ulipe, kisha utarudi kwa baba yako!"

Kijana hakujitetea. Alisema tu, "Mjomba, tafadhali zima gari, kisha ujaribu tena."

Nikazima. Gia ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia, na ya kurudi nyuma pia, zote kwa ulaini.

"Basi," akasema, "yaelekea gia ni nzima. Kama ingalivunjika, ingalikataa hata gari likiwa limezimwa."

Hapo akanifundisha mimi mwalimu. Wanawake wawili watwangapo katika kinu kimoja, sharti mmoja ainue mchi wake ili mwenzake apate kushusha wake. Wasipopishana, michi hugongana. Ndivyo ilivyo kazi ya klachi: huitenga injini na sanduku la gia kwa kitambo kidogo, ili gia ipate kuingia kwa amani. Klachi isipotenga, meno hugongana. Katika magari mengine nguvu ya mguu hupelekwa kwenye klachi kwa waya mnene, ambao huweza kulegea au kukatika. Katika gari letu hupelekwa na dawa ileile itumiwayo katika breki.

Akafungua boneti: kile chombo kidogo cha dawa kilikuwa karibu kikavu. Akaingia chini ya gari: mpira wa silinda ndogo iliyo kando ya sanduku la gia ulikuwa umechakaa, dawa imevuja, na hewa imeingia mahali pake. Dawa ikikandamizwa haisinyai, lakini hewa husinyaa. Kwa hiyo mguu hushuka hadi sakafuni, na nguvu haifiki.

Katekista akaleta chupa ya mafuta ya injini. Kwa haraka yangu nilitaka kuyamimina, lakini mpwa wangu akanizuia. "Mafuta haya yatauvimbisha mpira na kuuharibu," akasema. Kisha akatoa katika mfuko wake chupa ndogo ya dawa, imeandikwa DOT 3, kifuniko chake hakijafunguliwa bado, kwa maana dawa hiyo ikiachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa.

"Uliipata wapi?" nikauliza.

"Sokoni, Jumamosi. Niliinunua kwa fedha yangu. Lakini uliniambia nisiguse."

Wasomaji wapendwa, nilitamani ardhi ipasuke. Juma lililopita nilikuwa nimewafundisha watoto wale wale Amri ya Nane, na jinsi inavyotukataza kumhukumu jirani pasipo hakika.

Alizijaribu breki kwanza, maana zina chombo chao, zilikuwa salama. Akamimina dawa, akalala matopeni. "Kanyaga, Mjomba! Shikilia!" Alilegeza parafujo ndogo, dawa ikatoka na mapovu, akaikaza. "Achia!" Nami nikatii, tena na tena, naye akiongeza dawa ili chombo kisikauke, mpaka mapovu yakaisha. Gia ikaingia. Tulifika kabla ya kengele, na siku ile ile fundi akabadili ule mpira.

Lakini kabla watoto hawajaingia katika chumba cha mtihani, niliwasimamisha langoni. Nilikuwa nimemshtaki kijana mbele yao. Kumwomba radhi faraghani kusingetosha. Nikasema, "Asubuhi mlinisikia nikimwita huyu mharibifu. Nilisema uongo. Mwenye kosa ni mimi." Naye akatazama chini, akasema, "Yamekwisha, Mjomba." Fedha ya chupa nilimrudishia. Sasa anajifunza ufundi katika karakana moja mjini, na gharama naitoa mimi.

Ndugu msomaji, gari lako likikataa gia, usiilazimishe. Tazama kwanza kama zulia halikuizuia pedali. Zima injini, ujaribu tena, kisha upime dawa. Na kabla ya hayo yote, mkumbuke yule aliyekuambia habari za matone, nawe hukumsikiliza.