Tusichange Usiku

Jirani yetu hapa Nyangwe alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku. Tukazunguka nyumba kwa nyumba kuchanga franga za pikipiki mpaka Kasongo. Zilipotimia kulikuwa kumekucha, na mtoto amekwisha kufa.

Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2006 kinatuhakikishia haki ya afya. Huko Abuja, mwaka 2001, serikali za Afrika ziliahidi kuipa afya 15% ya bajeti zao. Ahadi hizo tuzidai bila kuchoka. Lakini ahadi haimbebi mgonjwa. Basi tuweke akiba ya pamoja tungali wazima, ili mgonjwa atangulie, hesabu zifuate.