Bomba Lisilotoa Maji

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Leo nimeamua kutouficha wangu.

Tunaishi Kawangware, katika ploti ya ghorofa moja: sisi juu, wengine chini. Kando ya dirisha letu lilipanda bomba nene la plastiki, la inchi nne, likakomea papo hapo, mdomo wazi. Maji haliingizi, maji halitoi. Kazi yake kututemea uvundo tu, hasa jioni tukila. Likizo ya Aprili nilichukua gunia kuukuu nikalishindilia mle mdomoni. Uvundo ukaisha. Nikajiona injinia.

Haikupita wiki, jirani yetu wa chini, mama wa watoto wawili, akaanza kulalamika. Kila mtu wa juu akimwaga maji chooni, sinki lake lilikoroma, kisha harufu ikajaa nyumba nzima. Landilodi akaja mbio, akadai nepi za mtoto ndizo zimeziba laini. Akampa siku saba: alipe fundi ama ahame. Nilisikia yote nikiwa ngazini, nikanyamaza kama maji mtungini.

Mama akamwita mjomba, fundi wa mabomba anayeishi Kibera. Nilimbebea mkoba wa vyombo.

"Usikimbilie kupasua ukuta," aliniambia. "Kwanza jua kila paipu inafanya nini."

Akanionyesha. Bomba la maji machafu huteremka, tena huinamishwa kidogo ili uchafu usilale njiani. Chini ya sinki pana kona kama herufi U. Humo hubaki maji yanayozuia harufu isipande. (Alexander Cumming, mtengeneza saa Mskoti, alipata hataza ya choo chenye kona ya aina hiyo mwaka 1775.) Karibu na ardhi, pale bomba linapopinda, pana tawi fupi lenye kifuniko: hapo ni pa kuzibulia. Na lile linalopanda juu bila maji ni la hewa.

Mjomba akafungua kifuniko, akaingiza fimbo. Zikapita bila kugusa kitu. Hakuna nepi. Akainua macho. "Paipu ya hewa inaishia wapi?"

Moyo ulinidunda. "Mjomba, ni mimi. Niliiziba."

Hakunigombeza. Alinieleza kwamba maji yakishuka kwa nguvu huvuta hewa nyuma yake. Yakiikosa, huyanyonya yale maji ya kwenye kona, na mlango wa uvundo hubaki wazi. "Hata kule kwetu Kibera," akasema, "choo cha shimo chenye paipu hutegemea upepo. Ukipita juu huvuta harufu, na nzi wanaofuata mwanga hunaswa na wavu."

Tukatoa gunia, tukaliunga bomba hadi likapita mabati. Hiyo ilikuwa kazi rahisi. Ngumu ilikuwa kubisha kwa jirani, landilodi akiwa amesimama hapo, na kusema ukweli.

Jirani alinitazama kwa muda. "Na ulinisikia nikilia?"

"Nilisikia, mama. Nisamehe."

Landilodi aliondoa ile notisi, ila msamaha hakuomba. Jirani alinisamehe. Siku hizi huniita Injinia, nami huinamisha kichwa.

Wanachama wenzangu, usizibe kitu kwa sababu tu hujui kazi yake. Na ukishaziba, sema mapema, kabla mwingine hajalipia.